Barua kwa mwanangu: kwa nini mchoro hutuna ukizunguka

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mchoro wako wa mistari mitupu huonekana bapa kwenye skrini ukitulia, lakini ukiuzungusha tu unatuna kama kitu cha kushikika. Tena mara nyingine unaonekana kuzunguka kinyume bila wewe kugusa chochote. Maswali mawili, lakini jibu lake ni moja.

Kunja waya ovyo ovyo, uweke kati ya taa na karatasi nyeupe, kisha utazame kivuli tu. Waya ukitulia, unaona mistari iliyolala. Uzungushe polepole: papo hapo kivuli kinapata mbele na nyuma, hata ukifumba jicho moja. Watafiti Hans Wallach na D. N. O'Connell walichapisha majaribio ya namna hiyo mwaka 1953, na ndani yake mna jambo linalonifurahisha sana. Mstari wa kivuli ukibadilika urefu peke yake, watu huona mstari unaorefuka na kufupika, basi. Kina hujitokeza pale urefu na mwelekeo vinapobadilika kwa pamoja.

Ubongo, unaona, hupenda kuamini kwamba kitu ni kigumu. Mistari ile ingeweza kuwa inanyumbuka palepale kwenye karatasi, lakini ubongo haukubali vurugu hiyo kirahisi. Huchagua umbo moja lisilobadilika, linalogeuka. Mwaka 1979 mtafiti Shimon Ullman alionyesha kwa hesabu kwamba nukta 4 za kitu kigumu, zisizolala zote kwenye uso mmoja bapa, zikionekana katika picha 3 tofauti za kitu hicho kikigeuka, zinatosha kulipata umbo. Ni kidogo mno, sivyo?

Ila hesabu hiyohiyo haisemi upande upi uko mbele. Umbo linalozunguka huku na pacha wake aliyegeuzwa mbele-nyuma akizunguka kule hutoa kivuli kilekile. Ubongo hubahatisha, na baada ya muda hubadili mawazo.

Ukisogea wewe mwenyewe, utata hupungua, maana ubongo unajua kichwa kimeelekea wapi. Kazia macho kitu cha katikati, sogeza kichwa kulia: vya karibu hukimbilia kushoto, vya mbali hukufuata.

Kwa mchoro wako, basi, fanya sehemu za mbele ziwe kubwa kidogo kuliko za nyuma, na ufiche mistari inayopita nyuma ya mingine. Ukimaliza nitumie niuone.

Baba yako