Wanasema marudio ni mchanga tu: tupime nini kwenye bwawa letu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Tangu mwaka jana, kilimani juu ya bwawa letu yamefungwa makarasha mawili ya kusaga mawe na mialo, yaani mifereji ya kuoshea dhahabu. Marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, yamerundikwa kando ya korongo linaloleta maji bwawani. Tumelalamika, wenye mialo wanajibu kwamba ule ni mchanga tu, na wametuonyesha karatasi ya vipimo vya maji inayosema hakuna zebaki. Lakini maji yamebadilika rangi, na kambale tunavua humo humo. Masika bwawa hufurika, maji yake yakaenda mbugani, kwenye tambarare la chini linalotuamisha maji. Tumechanga fedha kidogo za vipimo. Tupime nini, wapi, na sheria inataka wakae umbali gani?

JIBU: Mbukwenyi, Ndugu Katibu, wewe na wanajumuiya wote.

Nianze na ile karatasi. Huenda ni ya kweli kabisa, na bado haiwasaidii kitu. Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara 13, na haiyeyuki kirahisi. Ikipotea mwaloni hunasa kwenye vumbi la mwamba, husafiri na tope la mvua, na maji yakitulia hulala chini. Anayechota maji ya juu wakati wa kiangazi anachota mahali ambapo haipo. Mtego huo nami niliuingia nilipokuwa mgeni kazini: nilijaza chupa mbili katikati ya bwawa, majibu yakaja safi, na mwenye mwalo akaibandika ripoti yangu ukutani kama leseni. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa wenye fedha kidogo ni mmoja: pimeni tope na samaki, maji yangoje.

Rangi ya maji msiifanye ushahidi. Maji ya makorongo yetu huwa mekundu kila mvua za kwanza, mgodi uwepo usiwepo. Mkienda ofisini na hoja ya rangi mtajibiwa kwa sentensi moja na kikao kitaishia hapo.

Sasa kwa nini nasema bwawa lenu, na mbuga iliyo chini yake, ni mahali pabaya zaidi kupokea marudio kuliko mto unaotiririka mwaka mzima? Huku kwetu mto kama Bubu hushuka kutoka Kondoa na kuishia mbuga ya Bahi, hauendi baharini. Bonde la Kati lote liko hivyo, halina mlango. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, wakati jua na upepo vinaweza kunyonya kama milimita 2,000 kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Kwa hiyo maji huondoka kwa kwenda juu, na chochote kilicholetwa na mvua kinabaki sakafuni. Mwaka unaofuata huletwa kingine juu yake.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Zebaki inayowasumbua watu kupitia samaki si ile ya kung'aa iliyo kwenye kichupa cha mchimbaji. Ni zebaki ya methili, na hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya tope lisilo na hewa. Baadhi ya bakteria hao wanahitaji salfeti, aina ya chumvi yenye salfa, ili waishi. Tope likikauka na kupasuka, hewa huingia na salfeti hujitengeneza. Likirowa tena masika, bakteria wanakuta chakula tayari, na kazi ya kugeuza zebaki inakwenda kasi. Bwawa linalokauka nusu na kujaa kila mwaka linafanya kazi hiyo kila mwaka. Wadudu wadogo hula, perege wadogo hula wadudu, kambale humeza wote. Ndiyo maana kambale mkubwa aliyekaa miaka mitano kwenye bwawa lenu anajua mambo mengi kuliko chupa yoyote ya maji.

Namna ya kuchukua sampuli: chukueni tope la juu tu, sentimita 5 za kwanza, kwa kijiko safi cha plastiki. Sehemu ya kwanza ni pale korongo linapoingia bwawani, ya pili katikati au kwenye kina, ya tatu karibu na ukuta. Ya nne, ambayo watu huisahau na ndiyo inayoshinda kesi, itoke kwenye korongo jingine lisilopita mgodini. Bila hiyo mtaambiwa kwamba udongo wa hapa ndivyo ulivyo tangu enzi za mababu, na hamtakuwa na jibu. Tope liwekwe kwenye chupa safi za kioo au mifuko miwili miwili ya plastiki mipya, liandikwe tarehe na mahali, liwekwe kwenye boksi lenye barafu, lifike maabara mapema. Ongezeni kambale watatu au wanne wakubwa, na perege kadhaa. Mwalikeni mwakilishi wa wachimbaji na mtendaji wa kijiji washuhudie na kutia saini. Sampuli iliyochotwa usiku kwa siri hupigwa chini asubuhi.

Maabara mnazo jirani. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Dodoma, maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapo hapo jijini. Ulizeni kwanza nani anapima zebaki kwenye tope na kwenye nyama ya samaki, na kwa bei gani. Ombeni zebaki yote kwa jumla. Kipimo cha zebaki ya methili peke yake ni ghali, na katika nyama ya samaki sehemu kubwa ya zebaki huwa ni hiyo hiyo. Ombeni pia arseniki, sumu nyingine, maana mawe mengi ya dhahabu hubeba madini yenye arseniki na kuyasaga ni kuyafungua. Kwenye maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 0.01 za arseniki kwa lita. Kwa tope, mwongozo ninaoutumia ni wa Kanada: chini ya miligramu 0.17 za zebaki kwa kilo ya tope kavu hakuna hofu kubwa, ikipita 0.486 viumbe wa majini kwa kawaida huanza kudhurika. Fedha ikibaki, pimeni urani, madini yenye mionzi, kwenye maji ya kisima. Udongo wa chokaa wa mbuga za Bahi na Manyoni una urani yake ya asili, karibu na uso wa ardhi, na ni vizuri kijiji kiwe na namba yake ya leo kabla ya mtu yeyote kuchimba kesho. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.03 kwa lita.

Kuna swali hukuuliza nami nitalijibu. Je, yale marudio yana mnunuzi? Mara nyingi marudio ya mwaloni huuzwa kwa wenye mitambo ya sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, ili dhahabu iliyobaki itolewe. Sianidi ikikutana na zebaki iliyomo, huiyeyusha, na zebaki iliyokuwa mzigo mzito wa kulala chini inapata miguu ya kutembea na maji. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unautaja mchezo huo miongoni mwa mambo ya kukomeshwa, pamoja na kuchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki hewani na kuichoma katikati ya makazi. Mkisikia matenki ya sianidi yanakuja kijijini, hapo ndipo pa kusimama imara kuliko pote.

Umbali: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Ugumu ni ukingo upi, kwa sababu maji yenu ya Aprili na ya Oktoba si bwawa moja. Pimeni kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Mtaambiwa pia kwamba korongo si mto kwa vile ni kavu miezi minane. Hoja hiyo ikikubalika, Dodoma karibu haina mto. Hata hivyo, kwa maoni yangu mita 60 zisiwapoteze. Rundo lililo mita 300 lakini kwenye njia ya maji ni hatari kuliko lililo mita 70 nyuma ya kilima. Tembeeni na mvua ya kwanza mwone maji yanapita wapi.

Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini, na mwenye nayo anatakiwa awe na mpango wa utunzaji mazingira. Mwandikieni Afisa Madini Mkazi mwombe kuuona, nakala kwa ofisi ya Kanda ya Kati ya NEMC, taasisi ya serikali ya kusimamia mazingira, na kwa Bodi ya Maji Bonde la Kati iliyoko Singida. Bodi ndiyo inayohusika na vibali vya kutumia maji na kutiririsha majitaka, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inatoa njia ya chanzo kutangazwa eneo tengefu. Safari hiyo ni ndefu. Ianzeni sasa huku mkiyaandika mambo ya bwawa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na sheria ndogo zenu.

Na wachimbaji kaeni nao. Wengi ni vijana wenu. Ombeni mambo mawili kabla ya Desemba: marudio yahamishwe yaingie kwenye shimo lililosakafiwa na kuzungushiwa tuta, mbali na korongo, na dhahabu ichomwe kwenye ritoti, chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoozea. Ritoti nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyochomwa. Zebaki wanainunua kwa fedha zao, kwa hiyo hoja hii huwaingia kuliko ile ya samaki. Rundo lilowanishwe au lifunikwe pia, maana upepo wenu wa Agosti mnaujua.

Majibu yakingojewa, kambale wakubwa wasipikiwe wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Badala yake wapewe perege, ambao kwa kawaida huwa na zebaki kidogo. Kuchemsha, kukaanga au kuanika juani hakuitoi zebaki kwenye nyama.