Fedha ya hewa ukaa inakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Dada yangu anaishi jimbo la Washington, Marekani. Uchaguzi wa 2024 waliulizwa pia kama sheria ya jimbo ya hewa ukaa ifutwe. Mumewe alitaka ifutwe kwa sababu ya bei ya petroli, dada akataka ibaki. Mpaka leo wanabishana. Nani anasema kweli? Na jimbo moja litaokoa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhusu bei, shemeji yako hajakosea. Nilipokuwa nafundisha kemia, wanafunzi walikuwa hawaniamini nikiwaambia kwamba lita moja ya petroli, ambayo haifiki hata kilo moja, ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Uzito wa ziada ni oksijeni ya hewani inayoungana na kaboni ya mafuta. Sasa piga hesabu: kibali cha kutoa tani moja ya hewa ukaa kikiuzwa dola 50, kila lita inabeba senti 11 na ushee. Sheria hiyo, iliyoanza kazi Januari 2023, inaweka kikomo cha hewa ukaa kinachoshuka mwaka hadi mwaka, na wachafuzi wakubwa wananunua vibali mnadani. Gharama lazima imfikie mwenye gari. Mgombea anayeapa kwamba haitamfikia simwamini, hata akiwa wa upande wangu.

Ila mwombe shemeji afuatilie fedha hiyo inakoishia. Wapiga kura wa jimbo hilo walikataa kutoza kaboni mwaka 2016, wakakataa tena 2018, kampuni za mafuta zikiwa zimetumia zaidi ya dola milioni 30 kupinga. Mwaka 2024, takriban asilimia 62 wakagoma kuifuta sheria. Mimi naona sababu ni hii: zile mara mbili walipewa ahadi, safari hii walikuwa wameshaona. Kwa fedha za vibali, vijana wa miaka 18 kushuka chini wanapanda mabasi bure. Kaya za kipato cha chini na cha kati zilipunguziwa bili ya umeme dola 200. Punguzo hilo lilikuja miezi michache tu kabla ya kura, na hapo wapinzani walikuwa na haki ya kulalamika. Msaada wa halali haupaswi kunukia kampeni.

Jimbo moja? Kwa hesabu ya dunia ni kidogo, kweli. Lakini mabasi, mitambo ya umeme na kanuni za ujenzi vinaamuliwa palepale jimboni. Tena majimbo huungana: California na Quebec ya Canada zinaendesha soko moja la vibali tangu 2014. Wala ushindi wa kura moja haudumu. Jirani yao British Columbia, Canada, alianza kodi ya kaboni 2008. Chama kilichotaka ifutwe kikashindwa uchaguzi wa 2009, lakini Aprili 2025 wananchi wa kawaida wakaondolewa kodi hiyo.

Kwa hiyo uchaguzi ujao dada na shemeji waende pamoja kumsikiliza mgombea wao, wamwombe orodha ya kilichojengwa kwa fedha za vibali katika kaunti yao, mradi kwa mradi.