Kwa nini wabunge wa Labour walishindwa kumng'oa Corbyn

Mleta mada ameuliza: mwaka 2016 wabunge 172 wa chama cha Labour cha Uingereza walimkataa kiongozi wao Jeremy Corbyn, 40 tu wakamtaka, akabaki kitini. Mbona Iain Duncan Smith, kiongozi wa chama pinzani cha Conservative, aling'oka mwaka 2003 kwa kura 90 dhidi ya 75?

Usitafute jibu kwenye sheria za nchi. Sheria ya vyama ya mwaka 2000 inakitaka chama kijisajili Tume ya Uchaguzi na kumtaja kiongozi, mweka hazina na afisa wa uteuzi. Kiongozi apatikane vipi au atolewe vipi, hilo chama kinajipangia chenyewe.

Kwa Conservative, mbunge asiyemtaka kiongozi anamwandikia barua mwenyekiti wa Kamati ya 1922, yaani kamati ya wabunge wa chama hicho wasio na vyeo serikalini. (Jina linachanganya: kamati iliundwa 1923, na wabunge walioingia kwenye uchaguzi wa 1922.) Barua ni siri, na aliyeiandika anaweza kuiondoa. Wakati wa Duncan Smith, na wa mawaziri wakuu Theresa May na Boris Johnson, barua zikifika 15% ya wabunge wa chama, kura ya siri ilipigwa. Kiongozi akishindwa anaondoka na haruhusiwi kugombea kiti hicho kwenye uchaguzi unaofuata. Akishinda, haguswi kwa miezi 12, na hapo ndipo waasi wenye haraka hujifunga wenyewe. Desemba 2018 barua 48 zilitimia, May akashinda 200 kwa 117, wakabaki wanamtazama. Johnson naye alishinda 211 kwa 148 Juni 2022, lakini mwezi uliofuata mawaziri walijiuzulu kwa makundi, na kinga ya kanuni haikumsaidia kitu.

Labour hawana kura ya namna hiyo kwenye kanuni zao. Ile ya 172 ilikuwa aibu tu, haikuwa na nguvu ya kumtoa mtu. Njia halali ni mpinzani kukusanya udhamini wa 20% ya wabunge, kisha wanachama wanapiga kura. Ubishi wa 2016 ulikuwa mmoja: kiongozi aliyepo, naye atafute wadhamini? Angetakiwa, angekwama palepale. Halmashauri Kuu ya Taifa ya Labour ikaamua kwa kura 18 dhidi ya 14 kwamba jina lake linaingia lenyewe, na wanachama wakampa 61.8%. Kwa maoni yangu vita iliishia kwenye kikao kile. Kampeni yote iliyofuata ilikuwa mbwembwe.

Kumbuka pia kwamba mwaka 2015, alipogombea uongozi, Corbyn alihitaji wabunge 35 wa kumdhamini akapata 36, baadhi yao wakimdhamini ili mjadala upanuke tu, si kwamba walimtaka. Mwaka 2021 kiwango cha udhamini wa wabunge kwa anayegombea uongozi ulio wazi kikapandishwa kutoka 10% hadi 20%.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii ni tarehe ya mwisho ya kujiunga. Mwaka 2016 halmashauri hiyohiyo ilisema aliyejiunga na Labour baada ya 12 Januari hapigi kura, labda alipe pauni 25 ajiandikishe kama mfuasi tu, si mwanachama, ndani ya siku mbili. Zaidi ya watu 180,000 wakajitokeza. Wanachama wapya walikwenda mahakamani wakashinda, kisha Mahakama ya Rufaa ikawageuzia kibao. Conservative mwaka 2022 walitaka uanachama wa miezi mitatu. Kwa hiyo ukiwa unaishi kule na unataka sauti kwenye kumchagua kiongozi, lipia kadi kabla mgogoro haujaanza.