Jibu: una 2.9 mwaka wa pili, sio kwamba ndo basi

Mdogo wangu umeuliza kama GPA (wastani wa alama za chuo, mwisho 5) ya 2.9 mwaka wa pili ndo imekuharibia maisha. Inategemea unataka nini bana. Kama unawaza kubaki chuoni ufundishe hapo usijidanganye, vyuo vya serikali wanataka 3.8 kwenda juu, na masta vyuo vingi wanaanzia 2.7 so bado umo ila ukiteleza kidogo tu unaangukia pasi, daraja la chini kabisa la kufaulu.

Ajira za serikali mambo mengine, ukishaitwa Sekretarieti ya Ajira kuna mtihani wa mchujo wa kuandika afu ndo mahojiano, mwenye 4.3 na mwenye 2.8 mnapewa karatasi ileile.

Mie niko Tanga hapa, kazi yetu kutoa mizigo bandarini, bosi hajawahi kumuuliza mtu GPA. Juzi kijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo), festi klasi kabisa, kapewa invoisi apige VAT (kodi ya ongezeko la thamani) akaweka 18% juu ya bei ya mzigo na nauli ya meli, ushuru wa forodha kausahau kabisa wakati unajumlishwa kwanza! Sasa we pandisha hiyo 2.9, kwepa sapu (mtihani wa kurudia), na fildi nenda kweli sio kusainiwa logibuku tu ukalale ufukweni Raskazone.