Mpira uache nyumbani kwanza

Mdogo wangu, najua kilichokuleta. Ulisikia Tembo Warriors, timu ya taifa ya Tanzania ya soka la watu wenye mguu mmoja wanaocheza kwa magongo, wamekwenda Kombe la Dunia la mchezo huo kule Uturuki mwaka 2022 wakafika robo fainali, ukajiambia: mguu mmoja ninao, kupiga mpira najua. Karibu. Ila wiki ya kwanza usiuguse huo mpira.

Wageni tunafanana. Mtu ametembea na magongo miaka, anadhani basi na kukimbia nayo anajua. Unapotembea, mguu unasaidia. Unapopiga shuti, mguu wenyewe uko hewani, mwili mzima unaning'inia kwenye viganja viwili. Siku ya tatu vitajaa malengelenge. Usiyatumbue. Funga kitambaa, pumzika, rudi. Sugu zikikomaa ndipo utaanza kufikiria pasi badala ya maumivu.

Halafu raba za chini ya magongo. Asubuhi moja ya mazoezi nilipuuza raba iliyolika upande. Nyasi zilikuwa na umande. Nikajirusha kupiga krosi, gongo likateleza, bega likatangulia chini. Wiki sita nilikaa nje, kwa kitu cha bei ya nauli ya bodaboda! Siku hizi kila jioni nageuza magongo juu chini na kuzikagua, na begini nina jozi ya akiba. Ukisafiri, raba hizo kaa nazo mwenyewe, mabegi hupotea.

Kiatu kisikuumize kichwa. Tafuta mwenzako wa namba yako mwenye mguu wa upande wa pili, mnunue jozi moja. Mimi wa kushoto nina wangu wa kulia, wote namba 42. Tunagombania rangi tu.

Sheria utazishika haraka: wachezaji saba kila upande, kila kipindi dakika 25, mguu bandia unauvua. Ukiugusa mpira kwa gongo makusudi, umeunawa. Sehemu ya mguu iliyobaki nayo hairuhusiwi kuucheza. Inayowatesa mabeki ni moja, hakuna kuotea. Beki aliyewahi kucheza mpira wa kawaida anapanda mbele kuweka mtego, anageuka, mshambuliaji yuko zake karibu na goli anasubiri. Na kipa, ambaye hucheza kwa mkono mmoja, haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake kuja kukuokoa. Kwa hiyo utakimbia wewe kurudi, kwa mikono.

Ndiyo maana kocha atakutuma goli hadi goli, bila mpira, mara kumi. Usinune. Timu zetu zina watu wachache, na anayekutazama hataki kujua kanzu unapiga vipi. Anataka kuona dakika ya 20 ya kipindi cha pili, mabega yakishachoka, kama bado unarudi kukaba.

Jumamosi njoo mapema, kabla jua halijawa kali. Lete magongo, kitambaa na maji.