Rimu za Forester kwenye Premio: rimu ziliingia, tairi zikagoma

Mkuu, umeuliza kama rimu za spoti za inchi 16 zilizotoka kwenye Subaru Forester zinakaa kwenye Allion yako, maana muuzaji anakwambia "tundu tano ni tundu tano, zinaingia tu". Mimi nilifanya jambo hilohilo kwenye Premio ya 2004, na Premio na Allion za enzi hizo huku chini ni gari moja. Zinaingia. Ila mwezi wa kwanza nilijuta.

Huyo muuzaji anakudanganya nusu. Gari zetu ni 5x100, yaani tundu tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Mark X, Crown na RAV4 ni 5x114.3, nazo zina tundu tano vilevile. Za huko fundi akikwambia atazilazimisha, washa gari uondoke. Impreza na Forester za zamani ndizo 5x100 kama sisi, ndiyo maana ndoa hii inawezekana.

Nilinunua Ilala, seti nzima na tairi zake, laki sita na nusu. Meno ya tairi yamejaa, zinang'aa. Zikafungwa, nikapiga picha, nikarusha stetasi. Kesho yake nikapakia watu watatu nyuma, tuta la kwanza tu: krrrr! Nikikata kona mpaka mwisho, mbele nako kunakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi.

Ndipo nikashika kalamu, kitu ambacho ningefanya kabla ya kutoa hela. Tairi zangu za zamani zilikuwa 195/65R15. Unachukua upana (hiyo 195), mara asilimia ya ubavu (65), mara mbili, unajumlisha kipenyo cha rimu (inchi 15; inchi moja ni milimita 25.4). 195 x 0.65 x 2 ni 253.5, jumlisha 381, unapata 634.5. Hizi za Forester zilikuwa 215/60R16: 258 jumlisha 406.4, jibu 664.4. Tairi imezidi sentimita tatu kasoro kidogo! Na si kukwaruza peke yake. Kwa mshale uleule wa dashibodi gari inakwenda karibu asilimia 5 zaidi ya ilivyokuwa, sasa pita nayo Chalinze kwenye tochi ya trafiki ya kupima mwendo uone.

Halafu nikasoma ubavu wa tairi vizuri. Limeandikwa neno STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji za Wajapani, mpira laini uliotengenezewa baridi. Kwa lami ya Dar saa saba mchana zinalika kama kifutio. Na zile tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, zinazoonyesha tairi ilitengenezwa lini, zilisomeka 4412, wiki ya 44 ya mwaka 2012. Meno yamejaa, lakini mpira ni mzee. Kwa hiyo bei ya seti uipime kana kwamba unanunua rimu tupu, tairi uzihesabu sifuri.

Nikazing'oa, nikaweka 205/55R16. Hesabu yake 631.9, tofauti na za kiwandani milimita 2.6 tu. Kukwaruza kukaisha siku hiyohiyo.

Likabaki tetemeko. Nikifika 90 usukani unatetemeka mkononi. Balansi nilirudia mara tatu kwa mafundi wawili, risasi (vile vipande vya uzito vya kusawazisha) zikabandikwa mpaka nikaona aibu. Mzee mmoja wa gereji ndiye aliyeniuliza, "Ringi umeweka?" Ringi gani tena? Habu ya Premio (kile kitovu cha gari ambacho rimu inavalishwa) ni milimita 54.1, tundu la katikati la rimu ya Subaru ni 56.1. Rimu haikumbatii habu, inategemea nati peke yake ikae katikati. Nati za koni (zenye ncha iliyochongoka) zinasaidia, lakini fundi akikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, au akikaza gari ikiwa imeshashushwa jeki, rimu inakaa upande. Tulichongesha ringi nne za aluminiamu, nje 56.1, ndani 54.1. Tetemeko lilikwisha. Nimeenda nayo Morogoro na kurudi, usukani umetulia.

Nati usipokee zile za Subaru hata ukipewa bure. Uzi wake ni M12x1.25, wetu ni M12x1.5: unene ni uleule milimita 12, ila nafasi kati ya meno ya uzi ni tofauti. Inaingia mizunguko miwili inakwama, fundi mwenye haraka anaweka bomba kwenye spana, na bolti ya habu inakwenda na maji. Mimi nilitumia nati zangu za rimu za chuma kwa sababu zilikuwa za koni. Kama Allion yako ina rimu za spoti za Toyota zenye nati za washa bapa, hizo hazifai hapa, tafuta za koni. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ya upande wa pili, mpaka Nm 103 kwenye spana yenye kipimo cha nguvu, halafu ukitembea kama kilomita 100 zikague tena.

Ofseti (ET, yaani milimita ambazo uso wa rimu unaogusa habu umeachana na katikati ya upana wake) haikunisumbua. Za kwangu zilikuwa 6.5J ET48 (J ni upana wa rimu kwa inchi), za zamani 6J ET45, hivyo mdomo wa ndani wa rimu ulisogelea shokapu kama milimita 9, na nafasi ilitosha.

Spea yangu ni ileile 195/65R15, kimo chake kinalingana, naitumia bila wasiwasi.

Ukienda kuziangalia, zigeuze. Upande wa ndani ndiko wanakoficha nyufa na sehemu zilizochomelewa, na ndiko namba za J na ET zilikoandikwa. Zipige picha uzitupie hapa pamoja na saizi ya tairi, tukupigie hesabu kabla hujalipa.