Maswali na Majibu: Unamchorea nani?

Walioandika safari hii ni walimu na wanafunzi wa uhandisi wa Unguja na Pemba. Wengi wanauliza namna ya kufundisha usanifu usiomwacha mtu nje.

*Maalim, muhula umejaa. Usanifu jumuishi niutie wiki gani?* (Mwalimu wa ufundi, Mjini)

Usiutafutie wiki. Ukiupa wiki yake itakuwa ya mwisho, mitihani imeshawadia, na wanafunzi watatoka wakiamini ni nyongeza. Utie ndani ya hesabu mnazozifanya tayari. Wape mlango wa kituo cha afya ulioinuka sentimita 90 kutoka ardhini, wachore njia ya mteremko kwa kipimo kinachotumika nchi nyingi, yaani 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu wa njia. Watapata mita 10.8. Kisha waongeze pahala bapa pa kupumzikia, maana vipimo vya Marekani haviruhusu kupanda zaidi ya sentimita 76 bila ya hapo. Watagundua kiwanja hakitoshi. Somo linaanza hapo: waipinde njia, wauhamishe mlango, au wahoji kwa nini msingi uliinuliwa kabla ya kufikiriwa nani ataingia? Na zoezi hilo lipe maksi za kutosha. Kisichokuwa na maksi mwanafunzi hakisomi, na lawama ni ya mtunga mtihani.

*Watu wenye ulemavu ni wachache. Gharama yote hiyo ya nini?* (Mwanafunzi, Unguja)

Hili tumeshalijibu mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 6 ana ulemavu mkubwa. Mjamzito na mchukuzi wa gunia hata hawamo katika hesabu hiyo.

*Niliwafunga wanafunzi vitambaa machoni, wakazunguka chuoni saa nzima. Walitoka wakilia. Zoezi limefaulu?* (Mhadhiri, Unguja)

Halikufaulu. Mwaka 2015 Arielle Silverman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, alichapisha pamoja na wenzake majaribio ya aina hiyo hiyo. Waliofungwa macho walitoka wakiamini kwamba wasioona hawawezi kazi wala kujitegemea. Sababu inaeleweka: mwenye kitambaa yumo katika saa ya kwanza ya kutoona. Hajui kutumia fimbo, hajui kuusikiliza ukuta. Anachojifunza ni hofu yake mwenyewe, na mhandisi mwenye huruma tu atachora kitu cha kumsaidia maskini, hatachora cha kumfaa mwenzake. Mwalike mtu asiyeona akae na wanafunzi tangu siku ya kwanza, awaoneshe mchoro ulipokosea. Na mlipeni kama mnavyomlipa fundi yeyote. Nauli na soda si malipo.

*Tunabuni wavu wa kulimia mwani kwenye maji ya kina, kwa sababu kwenye maji madogo unakufa kwa joto. Tumuulize nani?* (Kikundi cha wanafunzi, Pemba)

Waulizeni wanaolima, na wengi wao ni wanawake. Lakini msiwaite ofisini. Ngojeni bamvua, maji yakupwe, mfuatane nao mpaka kwenye vigingi. Tazameni vidole vinavyofunga mche mmoja mmoja kwenye kamba, mgongo umeinama, na mzigo wa mwani mbichi unaobebwa mpaka ufukweni huku ukichuruzika maji. Kisha ulizeni: nani anajua kuogelea? Nani ana chombo?

Kwenye maji madogo mama analima kwa miguu yake na kamba zake. Mpelekeni kwenye kina bila ya kujua kuogelea na bila ya mashua, na shamba litahamia kwa mwenye mashua, ambaye mara nyingi ni mwanamme. Wavu wenu unaweza kuwa imara, ukapita kila jaribio la maabara, na ukampokonya kipato yule yule mliyembunia. Kwa hiyo mafunzo ya kuogelea, jaketi la kuokolea linalovalika juu ya nguo ndefu, na suala la mashua ni ya nani, vyote viwemo ndani ya mchoro. Ulizeni na bei pia: katika aina mbili za mwani zinazolimwa, cottonii, inayokufa upesi kwa joto, ndiyo inayolipa kuliko spinosum.

*Binti yangu anataka uhandisi. Si kazi ya wanaume?* (Mzazi, Wete)

Mwache asome. Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini wanafunzwa kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Na tunawahitaji wasichana penye maamuzi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2011 ulikuta dereva mwanamke aliyefunga mkanda ana uwezekano wa asilimia 47 zaidi wa kuumia vibaya ajalini kuliko mwanamme. Kwa miaka mingi magari yalijaribiwa kwa kugongeshwa yakiwa na masanamu ya umbo la kiume ndani.

*Naomba mradi uliokwisha kufanywa, nibadilishe jina tu.*

Hapana.

*Darasa letu limo Mji Mkongwe, kizingiti hakibomoleki. Tufanyeje?* (Mwalimu, Unguja)

Hakuna aliyewaambia mbomoe. Mji umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na mabadiliko ya jengo yanataka ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi. Wapeni wanafunzi kazi ya kuunda mteremko wa mbao wa kuweka na kuondoa, usiogongomewa hata msumari mmoja ukutani. Wapime urefu wa kidato, umbali mpaka baraza ya jirani, na upana wa mlango bawa moja likiwa limefunguliwa, kisha yote mawili. Kigari cha magurudumu cha asiyeweza kutembea kinataka upana wa kama sentimita 80. Zikikosekana, tafuteni mlango wa uani, na ubaki wazi saa zote za masomo bila ya mtu kumsubiri mlinzi na funguo.